Upepo Ndani ya Injini Kuukuu: Lugha ya Gereji, Lugha ya Kamusi na Kazi ya Kufunga Tabo Kwenye Gari la Kabureta

1. Utangulizi



Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili wa kubeba maarifa ya sayansi na teknolojia umekuwapo kwa muda mrefu, na mara nyingi umeendeshwa kwa kulitazama darasa: vitabu vya kiada, lugha ya kufundishia na mitihani. Mhadhara huu unaitazama gereji. Unachukua kazi moja ya mikono, ambayo wapenzi wa magari ya zamani huifanya nyumbani kwao, nayo ni kufunga tabo kwenye injini inayotumia kabureta, kisha unauliza swali jepesi kulitamka: je, mtu ajuaye Kiswahili peke yake anaweza kuelezwa kazi hiyo kwa ukamilifu, pasi na kuiangamiza injini yake?

Kazi hii imechaguliwa kwa sababu haisamehe. Katika mazungumzo ya kawaida neno lenye maana mbili huleta kicheko au ugomvi mdogo. Katika injini yenye tabo, neno la namna hiyo huweza kutoboa pistoni. Kwa hiyo hapa istilahi si pambo la wataalamu wa lugha. Ni sehemu ya kazi yenyewe.

2. Injini na njaa ya hewa

Injini ya petroli haipungukiwi sana na mafuta. Hupungukiwa na hewa. Ili kilo moja ya petroli iungue yote huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Mafuta ni mepesi kuongezwa, kwa kuwa ni kimiminika. Hewa ni nyepesi na hutaka nafasi kubwa, na injini ya kawaida huivuta yenyewe kwa mwendo wa pistoni zinaposhuka. Haiwezi kupata zaidi ya kile ambacho anga inaitolea.

Wasafiri wa Afrika Mashariki wanalifahamu jambo hili hata kama hawalipi jina. Mombasa iko usawa wa bahari, na Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu yake. Katika mwinuko huo kanieneo ya hewa hupungua kwa karibu asilimia 18. Gari la kabureta lililorekebishwa pwani likifika bara hukosa nguvu, na kwa kuwa kabureta haijui kwamba hewa imekuwa haba, huendelea kumwaga mafuta mengi kupita mahitaji. Moshi huwa mweusi na plagi huingia masizi.

Tabo huondoa njaa hiyo. Moshi unaotoka kwenye silinda kwa kasi na joto huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa mhimili mmoja na gurudumu jingine, ambalo huivuta hewa safi na kuisukuma ndani ya injini. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Aliyeanzisha wazo hili ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyeliombea hataza mwaka 1905. Hata magari yaliyoshinda mashindano ya Safari Rally miaka ya 1984, 1985 na 1986, yaani Toyota Celica, yalikuwa na injini za tabo.

Kiswahili kina neno tayari kwa kile ambacho tabo hukitoa. Msemaji wa Kiswahili hasemi kwamba amejaza hewa kwenye tairi. Husema amejaza upepo. Hewa ni ile iliyotuzunguka. Upepo ni hewa iliyopewa msukumo. Kwa sababu hiyo mhadhara huu unakiita kiasi kinachozidi kanieneo ya anga kuwa ni upepo wa ziada. Neno halikubuniwa, limeokotwa pale lilipokuwa likitumika.

3. Njia mbili za kufunga tabo

Kabureta huleta tatizo ambalo injini za kisasa hazina, kwa kuwa lazima iamuliwe ikae wapi: kabla ya tabo au baada yake.

Njia ya kwanza ni kuiweka kabla. Tabo huvuta hewa kupitia kabureta, na mchanganyiko wa hewa na petroli hupita katikati ya mapanga yake. Hii ndiyo njia iliyotumiwa mwaka 1962 na magari mawili ya Marekani, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder. Faida yake ni kwamba kabureta hubaki katika mazingira iliyoyazoea. Hasara yake ni kwamba njia ndefu huruhusu petroli kujitenga na hewa na kutuama. Aidha, mvuto wa kabureta inapofungwa huweza kunyonya oili kutoka kwenye mhimili wa tabo, hivyo muhuri wa mhimili huo lazima uwe wa aina inayostahimili mvuto.

Njia ya pili ni kuiweka baada, ili tabo ipulize kupitia kabureta. MG Metro Turbo ya Uingereza, iliyotolewa mwaka 1982, ilitumia njia hii. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,275 ilikuwa ya ukoo uleule ulioanza na Austin A30 mwaka 1951 na kuendelea katika Morris Minor na Mini. MG Metro isiyo na tabo ilitoa nguvu za farasi 72. Yenye tabo ilitoa 93. Wapenzi wengi wa Mini huko Uingereza wamechukua vipuri vya gari hilo na kuvifunga kwenye Mini zao katika gereji za nyumbani, na kazi yao ni kielelezo kizuri cha mambo ambayo lugha lazima iyaeleze.

Jambo la kwanza ni boya. Ndani ya kabureta mna kibakuli cha petroli na boya linaloelea, likipanda hufunga mlango wa mafuta. Upepo wa ziada ukiingia kwenye koo la kabureta bila kuingia kwenye kibakuli, huyazuia mafuta yasitoke. Hivyo kibakuli lazima kiunganishwe kwa mrija na upepo uleule. Hapo huzaliwa jambo la pili: pampu ya mafuta. Ikiwa upepo wa ziada ni nusu ya kanieneo ya anga, pampu ya zamani inayosukuma robo tu haitaweza kuingiza tone kwenye kibakuli hicho. Lazima iwekwe pampu yenye nguvu pamoja na kidhibiti kinachohakikisha kwamba msukumo wa mafuta unauzidi upepo wakati wote. Jambo la tatu ni boya lenyewe, kwa kuwa boya jepesi lenye uwazi ndani huweza kubonyezwa na upepo, likazama, na kabureta ikafurika.

Tabo yenyewe hudai oili safi yenye msukumo kutoka kwenye injini, na mrija mpana wa kuirejesha ambao huteremka pasi na kupanda popote, kwa sababu oili hiyo hurudi kwa uzito wake tu. Mrija ukizibwa au ukikunjwa, oili hupenya kwenye mihuri, na mwenye gari huona moshi wa buluu akidhani pistoni zimekwisha.

4. Kuungua na kulipuka

Yote hayo yanaweza kufanywa kwa ustadi, na bado injini ikaangamia. Chanzo chake kimo katika tofauti ya vitenzi viwili: kuungua na kulipuka.

Ni kawaida kusikia ikisemwa kwamba petroli hulipuka ndani ya silinda. Kwa injini iliyo salama, kauli hiyo si sahihi. Cheche ya plagi huwasha moto mahali pamoja, nao husambaa kwa mpangilio hadi pembe za mwisho. Mafuta huungua upesi, lakini huungua. Mlipuko hutokea pale ambapo mchanganyiko uliobaki pembeni, ambao haujafikiwa na moto, hupata joto na mgandamizo mkubwa kiasi cha kujiwasha wenyewe wote kwa pamoja. Wimbi lake hupiga kichwa cha pistoni kama nyundo, huvunja kingo za ringi, huunguza gasketi na hatimaye hutoboa pistoni. Mhadhara huu unapendekeza tukio hili liitwe mlipuko holela.

Tabo huchochea mlipuko holela kwa sababu hewa ikigandamizwa hupata joto. Hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi ikiongezewa nusu ya kanieneo yake huweza kutoka kwenye tabo ikiwa na nyuzi 80 au zaidi. Ndiyo maana uwiano wa mgandamizo wa silinda hupunguzwa. MG Metro ya kawaida ilikuwa na uwiano wa 10.5 kwa 1; ile ya tabo ilishushwa hadi 9.4. Corvair ilishushwa hadi 8. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka nguvu ya tabo sharti aanze kwa kupunguza. Vilevile mafuta huongezwa hadi kilo moja kwa kila kilo 12 hivi za hewa, ili ziada ya petroli ipoze silinda. Na cheche hucheleweshwa kadiri upepo unavyozidi.

Oldsmobile Jetfire haikuinama. Uwiano wake ulibaki 10.25, na ili kuzuia mlipuko holela watengenezaji waliweka tangi la maji yaliyochanganywa na methanoli, yaliyonyunyizwa ndani ya injini upepo ulipozidi. Wenye magari wengi hawakulijaza tangi hilo lilipokwisha. Gari lilikuwa na kinga ya kupunguza upepo tangi likiwa tupu, hivyo walilalamikia ukosefu wa nguvu, na hatimaye magari mengi yalivuliwa tabo na kuwekewa kabureta ya kawaida. Uhandisi ulikuwa wa kiwango cha juu. Maelezo ya kwa nini maji yale yanahitajika hayakumfikia mtumiaji.

5. Maneno ya gereji na maneno ya kamusi

Hapa ndipo swali la lugha linapobana. Fundi wa Afrika Mashariki ana neno kunoki. Injini ikinoki, kwa kawaida humaanisha kwamba beringi za krenki zimekwisha na injini inagonga au imekufa. Neno hilo limetoka Kiingereza, ambako hutumika pia kwa mlipuko holela. Sasa mtu afungaye tabo akiambiwa, “Ukisikia inanoki, zima,” ataelewa kitu gani? Atafungua sampu kuzitazama beringi, azikute nzima, awashe tena na kuendelea. Kumbe kilichotakiwa kilikuwa kupunguza upepo, kuchelewesha cheche na kuongeza mafuta. Ugonjwa mmoja hutibiwa chini ya injini, mwingine juu. Jina ni lile lile.

Neno mafuta lina hatari ya namna hiyo. Petroli ni mafuta, na oili ni mafuta. Mafundi wamekwisha litatua tatizo hili kwa kuiita ya pili oili. Hii ni istilahi iliyofanyiwa kazi ipasavyo, japo haikutoka kwenye kamati yoyote.

Kwa upande mwingine, kamusi nazo zimefanya kazi kubwa. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania limeshughulikia usanifishaji wa istilahi tangu lilipoundwa mwaka 1967, na mwaka 1987 Rajmund Ohly alitoa Dar es Salaam kamusi ya msingi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili. Neno kanieneo, lililoundwa kutokana na kani na eneo, ni sahihi kuliko presha, ambayo kwa wengi ni maradhi ya moyo. Lakini kanieneo halijavuka mlango wa gereji. Lugha ya kamusi ina usahihi usio na watumiaji; lugha ya gereji ina watumiaji wanaohitaji usahihi zaidi.

Wapo wanaosema kwamba suluhisho ni fundi kujifunza Kiingereza. Hoja hiyo inasahau kwamba Kiingereza nacho kiliazima. Turbo ni neno la Kilatini lenye maana ya kimbunga au pia, ile wanayoichezea watoto. Pistoni ni ndugu wa neno la kutwanga. Mwenye mchi na kinu angelitambua. Na gari lenyewe, kwa msemaji wa Kiswahili, ni ghala la safari za lugha: gari limetoka Bara Hindi; usukani umetoka Uarabuni, nao ulikuwa wa chombo cha baharini kabla ya kuwa wa motokaa; parafujo, bomba na boya ni urithi wa Wareno. Kiswahili hakijawahi kuogopa kuazima. Kilichohitajika kila mara ni kulipangia neno mipaka baada ya kulipokea.

6. Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba kazi ya kufunga tabo kwenye injini ya kabureta inaelezeka kwa Kiswahili, tangu boya hadi mlipuko holela. Kinachokosekana ni makubaliano. Njia inayopendekezwa ni tatu kwa pamoja: kuyaingiza kamusini maneno ya mafundi kama yalivyo, pamoja na fasili zinazotenganisha maana, kubuni neno jipya pale tu ambapo neno moja limebebeshwa mambo mawili yanayodai tiba mbili, na kuyajaribu maneno hayo mbele ya injini iliyofunguliwa kabla ya kuyachapisha.

Fundi asiyejua kutofautisha kuungua na kulipuka hana upungufu wa akili wala wa mikono. Amenyimwa neno. Na pistoni iliyotoboka haiulizi kama kosa lilikuwa la spana au la msamiati.