Uzito Unaoingia Bila Kubisha Hodi

Mada kuhusu ongezeko la unene uliokithiri, iliyowasilishwa kwa wakazi wa kata



Mtu akirejea nyumbani baada ya miaka miwili mjini, mashavu yamejaa na shati limembana, hupokelewa kwa shangwe: "Umenawiri! Sasa una afya." Anayerejea amekonda huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa. Katika mazungumzo ya kila siku, "kuwa na afya" maana yake ni kunenepa. Mjadala wa unene uliokithiri hauna budi kuanzia hapo, kwani ni vigumu kumwonya mtu juu ya jambo analopongezwa kwalo na ukoo mzima.

Sifa hiyo haikuzuka bure. Wazee waliishi kwa kutegemea msimu, na mavuno yalipokuwa haba, mwili ndio uliotangulia kusema. Kisha katika miaka ya 1980 na 1990 ukaja UKIMWI, na kukonda kukawa jambo la kutiliwa shaka. Hadi leo wapo wanaoogopa kupungua kilo tano kwa sababu ya maneno ya majirani tu. Mke akinenepa husemwa anatunzwa. Mume akiota kitambi husemwa mambo yake yamemnyookea.

Wakati sifa zikiendelea kutolewa, hali imebadilika. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2004/05 ulionyesha kuwa wanawake 18 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Mwaka 2010 walikuwa 22. Mwaka 2015/16 walifika 28. Mijini 42, vijijini 21. Wengi huitazama ile 42 na kusema kwamba hayo ni mambo ya mjini. Inayostahili kutazamwa kwa makini ni ile 21: mwanamke mmoja kati ya watano, mahali ambapo kila mtu huamini kwamba jembe linatosha kuulinda mwili. Utafiti huohuo ulikuta watoto 34 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa hiyo nyumba moja yaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mama mwenye uzito uliozidi, wote wakila kutoka sufuria moja.

Chanzo ni nini? Jibu la haraka ni ulafi, na ni jibu lisilo la haki. Mwili wa binadamu huweka akiba. Chakula kisichotumika hugeuzwa mafuta na kuhifadhiwa, hata kama ziada ya siku ni ndogo kiasi cha kutoonekana. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120. Mpishi anayeongeza vijiko viwili katika mboga ili ing'ae hamlishi mtu ulafi, anampikia kwa upendo. Lakini akiba ya mwaka mzima hujengwa na vijiko kama hivyo.

Zamani mafuta yalitoka kwenye karanga zilizotwangwa, ufuta au nazi iliyokunwa kwa mikono, na jasho la kuyapata lilikuwa kubwa. Leo mafuta ya kupima yapo katika kila genge, na kikaango cha chipsi kimefika hadi kwenye vituo vya bodaboda. Chipsi mayai, maandazi ya asubuhi, sambusa za saa nne na mihogo ya kukaanga ya jioni: kila kimoja peke yake hakina kosa. Shida ni kwamba siku hizi vyote huliwa siku moja, na mlaji akifika nyumbani anasubiriwa na ugali. Tena ni ugali wa sembe iliyokobolewa, ambayo imepoteza sehemu kubwa ya nyuzi zinazomfanya mtu ajisikie ameshiba mapema. Dona ingali inapatikana mashineni, ila imepachikwa jina la chakula cha shida.

Vinywaji ndivyo vinavyopenya kimya zaidi, kwa kuwa havihesabiwi kuwa chakula. Soda ya mililita 350 hubeba zaidi ya gramu 35 za sukari, yaani vijiko vya chai vipatavyo tisa. Hakuna ambaye angetia vijiko tisa katika kikombe chake mbele ya wageni. Hata hivyo, mgeni akifika ndicho kinywaji anachoagiziwa kwa heshima, na mtoto akifaulu mtihani ndiyo zawadi yake.

Upande wa pili ni mwendo. Kinu kimeachia nafasi mashine ya kusaga, kisima cha mbali kimeachia nafasi bomba, na safari ya gulioni imechukuliwa na bodaboda. Hakuna mwenye akili timamu atakayetaka mama arudie kubeba ndoo kwa kilomita tatu. Huduma hizo zilipiganiwa na zinastahili kuendelea kupiganiwa. Lakini mwili haukupewa taarifa ya mabadiliko hayo. Kazi imepungua, sahani imebaki ileile, na jioni iliyokuwa ya ngoma na mpira imekuwa ya televisheni na simu. Watoto nao hawana pa kukimbilia pale uwanja wa wazi unapomegwa kipande kwa kipande kwa ajili ya vibanda.

Gharama yake huja kwa kuchelewa, na hiyo ndiyo hatari. Kisukari cha aina ya pili na shinikizo la juu la damu vyaweza kukaa mwilini kwa miaka bila maumivu yoyote. Mtu huvigundua siku amepata kiharusi, au kidonda cha mguuni kimekataa kupona. Magonjwa ya moyo, maumivu ya magoti na baadhi ya saratani navyo huongezeka pamoja na uzito. Familia ndiyo inayolipa, kwa dawa za maisha yote na kwa mkono wa kazi uliopotea shambani.

Kujipima si jambo gumu. Mtu mzima mwenye urefu wa sentimita 160 huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi afikapo kilo 64, na unene uliokithiri afikapo kilo 77. Kipimo hiki hakitumiki kwa mjamzito. Mafuta ya tumboni ni ya hatari kuliko ya nyongani, hivyo mkanda wa fundi cherehani nao una kazi: kiuno kinachozidi sentimita 88 kwa mwanamke, au 102 kwa mwanamume, kinamtaka mwenye nacho aende akapimwe shinikizo la damu na sukari. Pengine fundi huyo anaujua ukweli kabla ya mganga wa zahanati, maana ndiye anayeombwa kila mara kuachia mshono.

Anayefika zahanati kwa ugonjwa mwingine wowote aombe pia kupimwa uzito na shinikizo la damu siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka dakika 30 kwa siku tano hutosha. Ama kuhusu viwanja, mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Wakazi wanaotaka eneo la michezo litengwe au lililomegwa lirudishwe walipeleke ombi lao huko, wakitaja mahali lilipo na mipaka yake, ili liingizwe kwenye muhtasari wa kikao.