Maarifa ya Kazi ni Deni

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mmetupa heshima kutuita tuseme juu ya faida ya mtu kupita katika kazi nyingi. Twashukuru, wala hatutawachosha.

Twaanza na kosa letu wenyewe. Zamani, ofisini kwetu, karani kijana alikatwa mshahara kwa kuwa fedha za sandukuni hazikupatana na daftari. Hakuiba hata senti. Aliingiza stakabadhi moja mara mbili. Sisi tulilitambua kosa lile upesi, maana lilitupata nasi katika kazi yetu ya kwanza. Walakini tulinyamaza, tukiogopa kujulikana kwamba tuliwahi kukosea. Heshima yetu ilihifadhika, na nyumba ya kijana yule iliona dhiki mwezi mzima.

Tangu hapo twamkumbuka sana marehemu Martin Kayamba, aliyezaliwa mwaka 1891 akasoma Kiungani, Unguja. Kabla ya kuwa karani wa Serikali Tanga alifanya kazi mbalimbali Kenya, Uganda na Unguja. Kisha wakati wa vita vya 1914 alishikwa na Wadachi, akakaa kifungoni hata Tabora ilipotekwa mwaka 1916. Mwingine angalisema miaka ile ilipotea bure. Yeye mwaka 1922 aliongoza wenziwe wa Tanga kuanzisha chama cha Waafrika watumishi wa Serikali, Wakristo na Waislamu pamoja, bila kuulizana kabila. Twadhani aliyekula na kufanya kazi na watu wa nchi nyingi haoni tabu kuwakusanya.

Tena mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Makwaia na Francis Lwamugira, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Habari za safari ile aliziandika kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1932, ili asiyepanda meli naye ajue.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na maarifa ni mali. Kati yetu yupo aliyekuwa mwalimu, aliyeuza dukani, aliyekuwa askari, aliyepima dawa hospitalini. Yupo hata aliyeachishwa kazi, naye ana somo ambalo mwenye bahati hana.

Kwa hiyo twaomba jambo moja. Kila Jumamosi jioni, mzee mmoja wa kazi aketi na vijana, awaeleze kazi aliyoifanya, na kwanza awaeleze alipokosea. Sisi tu tayari kuanza Jumamosi ijayo, na habari yetu ya kwanza itakuwa ile ya stakabadhi.