Dawa za Presha kwa Mama Mjamzito: Pengo Kati ya Kliniki Mbili

Mada kwa wauguzi, matabibu, wafamasia na wahamasishaji wa afya ya jamii wa Kaunti za Kisii na Nyamira



Nimeombwa nizungumzie matumizi salama ya dawa za presha wakati wa ujauzito. Ufafanuzi mnaujua, kwa hiyo nitaupitia upesi. Presha ya 140/90 au zaidi, ikipimwa zaidi ya mara moja mama akiwa ametulia, ni presha ya juu. Iliyokuwapo kabla ya mimba au kabla ya wiki ya 20 ni ya kudumu. Inayoanza baada ya wiki ya 20 ni presha ya mimba. Ikiandamana na protini kwenye mkojo, au na dalili kwamba figo, ini au ubongo umeguswa, ni prieklampsia. Degedege likiingia, ni kifafa cha mimba. Ikifika 160/110 ni dharura: dawa ya kuishusha itolewe ndani ya saa moja, na mwenye dalili kali aanzishiwe magnesiamu salfeti kabla ya ambulensi kuondoka kituoni. Utafiti wa Magpie wa mwaka 2002, uliohusisha wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba magnesiamu hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Hayo tumeyafundishwa na miongozo iko ukutani.

Muda uliobaki nautaka kwa ajili ya mama ambaye hajafika wodini. Ana presha ya kudumu, anameza dawa kila siku kama alivyoagizwa, kisha anashika mimba. Jambo hili nimelilalamikia kwenye vikao kwa miaka mingi, na nitalisema tena.

Chukulieni mama wa miaka 34 anayeishi Keroka. Mji huo, kama mjuavyo, umekaa mpakani: upande huu Kisii, upande ule Nyamira. Kliniki yake ya presha iko upande mmoja, na kliniki ya wajawazito iliyo karibu na kwake iko upande mwingine. Kule kwenye presha ana daftari la shule lenye vipimo na dawa. Huku kwa wajawazito anapewa Kijitabu cha Mama na Mtoto. Vitabu hivi viwili havikutani mezani hata siku moja. Muuguzi anampima, anaona 130/80, anafurahi, anaandika, anamwita anayefuata. Presha imetulia kwa sababu mama anameza losartani, na losartani ndiyo dawa ambayo hapaswi kuwa nayo tumboni akiwa na mtoto.

Dawa za kundi la enalaprili, kaptoprili na lisinoprili, pamoja na binamu zake losartani na telmisartani, ni dawa nzuri sana kwa mtu asiye na mimba. Lakini mimba ikiingia miezi ya kati na ya mwisho, huzibana figo za mtoto. Mtoto aliye tumboni hutengeneza sehemu kubwa ya maji anayoelea ndani yake kwa kukojoa. Figo zikilala, maji hupungua. Maji yakipungua, mapafu hayakui vizuri. Wengine huzaliwa na figo zisizofanya kazi, wengine hufia tumboni. Hili si jambo jipya: mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo lake zito kuliko yote kwenye dawa za jamii ya enalaprili mwaka 1992. Kuhusu miezi mitatu ya mwanzo, watafiti hawajaafikiana iwapo dawa zenyewe ndizo zenye madhara au ni presha na kisukari vinavyoandamana nazo. Kwa hiyo mama aliyegundua mimba ya wiki nane huku akimeza enalaprili asitishwe, wala asishauriwe kuitoa. Abadilishiwe dawa siku hiyohiyo, na baadaye apate picha ya tumbo.

Tatizo ni kuijua dawa yenyewe. Mwombeni mama awaonyeshe anachomeza. Atafungua leso na kutoa kipande cha karatasi ya bati chenye vidonge vinne, kilichokatwa kwa makasi pembe zote. Jina la dawa limebaki dukani, kwenye ile nusu aliyouziwa mtu mwingine. Mama anaijua kama "ile ya asubuhi". Mara nyingi ni kidonge chenye dawa mbili ndani, losartani pamoja na dawa ya kukojoza, au losartani pamoja na amlodipini. Ukimwuliza kama anatumia losartani atasema hapana, na hadanganyi.

Siwatupii lawama wenye maduka ya dawa. Wengi wao ndio walio wazi saa mbili usiku zahanati ikiwa imefungwa, na mteja mwenye shilingi hamsini hawezi kuuziwa boksi zima. Lakini kukata bila kuandika jina kwenye bahasha ni hatari, na kumwuzia tena dawa mama ambaye tumbo linaonekana, bila kumwuliza chochote, hakuna udhuru. Kutojali huku tumekuzoea mno.

Kuna na upande wa pili, unaoua kwa haraka zaidi. Mama akisikia kwamba dawa hudhuru mimba, anaziacha zote. Jirani amemwambia, au sisi wenyewe tumemwambia "acha hiyo" na kumwacha aende bila nyingine mkononi. Anarudi wiki ya 30 akiwa na 180/120, kichwa kinamgonga na macho yanaona nyota. Neno "acha" lisitoke kinywani mwa mhudumu yeyote bila neno "badala yake" kulifuata.

Badala yake zipo, na si ngeni. Methildopa, kuanzia miligramu 250 mara tatu kwa siku. Nifedipini ya kuyeyuka polepole, miligramu 20 mara mbili. Isisagwe wala kutafunwa. Labetaloli inapopatikana, ila si kwa mwenye pumu. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha utafiti kutoka India uliolinganisha dawa hizi tatu za kumeza kwa wajawazito wenye presha kali, na zote zilionekana kufaa hospitali zenye uwezo mdogo kama zetu. Atenololi iepukwe, kwani huhusishwa na watoto wadogo kupita kiasi. Furosemidi isitolewe kwa sababu tu miguu imevimba. Presha isishushwe kupindukia, maana kondo hutegemea msukumo wa damu ya mama. Na mwenye presha ya kudumu aongezewe aspirini ndogo kuanzia wiki ya 12. Mwaka 2022 utafiti wa CHAP kutoka Marekani ulithibitisha kwamba kutibu hata presha ya kudumu isiyo kali, kwa lengo la chini ya 140/90, hupunguza prieklampsia kali bila kumdumaza mtoto. Hoja ya "tusubiri ipande" imekwisha.

Ni kweli, Mheshimiwa Mwenyekiti, methildopa huadimika rafuni, na bajeti si jambo la kuamuliwa katika kikao hiki. Naliheshimu hilo. Lakini swali ninaloliomba halina bei. Wanawake wetu wengi huanza kliniki mimba ikiwa imepita miezi minne, na madhara ya dawa hizi huanzia hapo hapo. Kumsubiri kwenye kliniki ya wajawazito ni kuchelewa. Swali liulizwe kule kwenye kliniki ya presha, kila ziara, kwa kila mwanamke ambaye bado anaona siku zake: una mpango wa kupata mtoto, au unatumia njia gani ya kupanga uzazi? Liulizwe kwa Kikisii, faraghani. Mwenye mpango abadilishiwe dawa mapema. Asiye na mpango asaidiwe kuchagua kipandikizi au kitanzi, maana vidonge vya kawaida vya mpango vyenye homoni ya estrojeni vinaweza kumpandisha presha.

Liulizwe tena baada ya kujifungua. Presha hupanda siku ya tatu hadi ya sita, wakati mama amekwisha ruhusiwa kwenda nyumbani. Enalaprili inaruhusiwa kwa anayenyonyesha, na methildopa ni vyema ikasitishwa kwa sababu inaweza kumzidishia huzuni baada ya uzazi. Sawa. Lakini tunamrudishia enalaprili, anaondoka bila njia ya uzazi wa mpango, na mwaka unaofuata tunaanza upya.

Mapendekezo yangu, basi. Swali la mimba liwe sehemu ya kliniki ya presha katika kila kituo. Daftari la presha na Kijitabu cha Mama na Mtoto visomwe pamoja, na jina la dawa na kipimo chake viandikwe katika vyote viwili. Kila kidonge kinachokatwa kitoke na jina lake kwenye bahasha. Wasimamizi wa famasia wa kaunti na Bodi ya Dawa na Sumu wana uwezo wa kulisimamia hilo. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao tangu mwaka 2023 wana mashine za presha katika mikoba yao, waelekezwe kuuliza kuhusu dawa, si kupima tu. Methildopa na nifedipini zihesabiwe kila mwezi na upungufu uripotiwe kabla rafu haijawa tupu. Kisii na Nyamira zitumie ukurasa mmoja wa kubadilishia dawa, kwa sababu mama wa Keroka hajui mpaka. Mama asiambiwe "acha" bila "badala yake". Na narudia, kwa sababu kila mwaka tunalipitisha na kulisahau: swali la mimba liulizwe kwenye kliniki ya presha.

Ukurasa huo mmoja nimeuandaa na nakala ziko mezani. Nawaomba wafamasia wa kaunti zote mbili wausome leo, waurekebishe panapohitajika, na wautie saini kabla hatujatawanyika.