Ugomvi wa Misa si Kilatini

Msikilizaji, wengi hudhani Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipiga marufuku Kilatini. La hasha. Hati yake ya liturujia ya mwaka 1963 iliagiza lugha hiyo idumishwe, na hata Misa mpya ya Papa Paulo wa Sita huweza kuadhimishwa kwa Kilatini. Kinachogombewa ni Misa ya zamani, kwa misale (kitabu cha Misa) ya 1962: padri ameelekea altare, waumini nyuma yake, Sala ya Ekaristi ikisaliwa kimyakimya. Papa Benedikto wa 16 aliiruhusu kwa upana mwaka 2007. Papa Fransisko akaibana 2021, akisema wapo walioitumia kuukataa Mtaguso. Hofu yake ilikuwa na msingi. Ila kuwaondoa katika makanisa ya parokia hata wale wasio na ugomvi na mtu, hapo alipita kiasi.