Mnanaha, Atropini na Kazi ya Muuguzi

Mazungumzo kwa watu wa Mwabungo na Pwani ya Kusini

Wasikilizaji wa Mwabungo, na ninyi wa Diani, Kinondo, Gazi na Msambweni, mnaujua mmea uitwao mnanaha, ambao wengine huuita mranaha. Huota wenyewe jalalani, kando ya njia na katika mahame. Ua lake ni refu mfano wa tarumbeta, na tunda lake lina miiba na limejaa mbegu ndogo. Alaye mbegu hizo hukaukwa na kinywa, mboni za macho yake hupanuka, huweweseka, hushikashika vitu visivyokuwapo, na pengine hufa. Mzazi amwonaye mtoto akilichezea tunda hilo humnyang'anya mara moja, naye afanya vyema.

Hata hivyo, sumu iliyomo katika mnanaha ndiyo hiyo hiyo itumiwayo hospitalini kuwaponya watu. Majina yake ni atropini na hayosini. Hospitalini imesafishwa, imepimwa na kutiwa katika vichupa vya sindano. Kinachotenga sumu na dawa hapa ni kipimo, na mtu anayeangalia, saa baada ya saa, jinsi mwili wa mgonjwa unavyokipokea kipimo hicho ni muuguzi. Basi yafaa kila mtu aijue kazi yake, ili aweze kumsaidia.

Jinsi dawa hizi zifanyavyo kazi

Mwilini mna mishipa ya fahamu ipelekayo amri kutoka ubongoni mpaka kwenye viungo. Mwisho wa mshipa haukigusi kiungo chenyewe. Kati yake mna nafasi ndogo sana. Mshipa hutoa kitu kiitwacho asetilikolini, nacho huvuka nafasi hiyo na kupeleka amri, kama tarishi apelekavyo barua ofisini. Barua za tarishi huyu huamuru mate na jasho vitoke, matumbo yasukume chakula, kibofu kijikaze kitoe mkojo, mboni ya jicho isinyae, na moyo upunguze mwendo.

Jambo hili lilionyeshwa mwaka 1921 na mtaalamu Otto Loewi. Alichukua mioyo miwili ya vyura iliyokuwa bado ikipiga. Akausisimua mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza, ukapiga polepole. Kisha akayachukua maji yaliyokuwa katika moyo huo akayatia katika moyo wa pili, nao ukapunguza mwendo ijapokuwa mshipa wake haukuguswa. Ikajulikana kwamba amri ya mshipa hupelekwa na kitu kilichomo ndani ya maji. Mwaka 1936 Loewi pamoja na Mwingereza Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Atropini haimwui tarishi. Yenyewe hukaa mlangoni pa kiungo, na tarishi afikapo hukuta mlango umezibwa, barua yake isipokelewe. Hapo mate hukauka, jasho hukoma, matumbo hutulia, mboni hupanuka, na moyo huenda mbio. Dawa zote za jamii hii hufanya vivyo hivyo, ila nyingine huziba milango ya mahali fulani zaidi kuliko pengine.

Faida zake ni nyingi. Moyo upigao polepole mno huharakishwa kwa atropini. Mtu anayepasuliwa huweza kupewa dawa ya namna hii ili mate yasimwingie mapafuni. Msokoto wa tumbo hutulizwa kwa Buscopan, ambayo hutengenezwa kwa hayosini. Mwenye pumu huweza kuvutishwa ipratropiamu ili njia za pumzi zilegee. Baadhi ya watumiao dawa za maradhi ya akili hukakamaa viungo, nao hupewa benzeksoli.

Muuguzi huangalia nini

Muuguzi akisha kutoa dawa hizi, kazi yake ndiyo kwanza imeanza. Huangalia kinywa kama kimekauka, na humpa mgonjwa maji ya kusukutua ikiwa ameruhusiwa. Huhesabu mapigo ya moyo. Huuliza kama mgonjwa amekwenda haja ndogo na kubwa, maana mkojo huweza kuzuilika, hasa kwa mzee mwenye tezi dume iliyokua. Huuliza habari za macho, kwa kuwa katika aina fulani ya presha ya macho dawa hizi huweza kuleta maumivu makali na hata upofu. Naye asiyetoka jasho hupata joto kali mwilini, na siku za kaskazi katika Pwani hatari hiyo huzidi. Kwa hiyo mgonjwa hulazwa penye upepo na kivuli.

Jambo lililo gumu kutambua ni kuchanganyikiwa kwa wazee. Babu aliyelala na akili timamu huamka usiku akiwaita waliokwisha kufa, na watu wa nyumbani husema ni uzee, au ni pepo. Pengine sababu ni vidonge. Piriton inunuliwayo kwa mafua na mwasho, dawa nyingine za usingizi, na dawa za kuzuia mkojo, zote huziba milango ile ile, na zikikutana katika mwili wa mzee mmoja nguvu zake hujumlishwa. Mwaka 1991 daktari Mark Beers wa Marekani na wenzake walitoa orodha ya dawa za kuepukwa kwa wazee. Orodha hiyo imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, nayo huonya juu ya dawa nyingi za jamii hii. Kwa hiyo muuguzi aulizapo, "Babu anatumia dawa gani nyumbani?" aambiwe zote, za dukani na za miti shamba pia, wala asifichwe kwa haya.

Atropini na sumu ya shambani

Kuna mahali ambapo atropini huokoa mtu aliyekwisha kukata tamaa. Baadhi ya dawa za kuua wadudu wa mimea na kupe wa ng'ombe ni za jamii iitwayo oganofosfeti. Mwilini mna kitu kinachomwondoa tarishi akisha kutoa barua yake. Sumu hizi hukizuia kitu hicho, na matarishi hujazana mlangoni wakitoa amri bila kukoma. Mtu hutoka mate na jasho jingi, hutapika, huharisha, mboni za macho yake husinyaa kama tundu la sindano, misuli hutetemeka, na kifua hujaa maji hata asiweze kupumua.

Mtu wa namna hiyo huvuliwa nguo zenye dawa, na mwili wake huoshwa kwa maji na sabuni. Anayemwosha ajilinde mikono yake. Mgonjwa asitapishwe kwa nguvu. Alazwe ubavu, na apelekwe hospitali upesi pamoja na chupa ya dawa yenye karatasi yake. Huko hupewa atropini, naye huweza kuhitaji kipimo kikubwa mara nyingi kuliko cha mgonjwa wa kawaida. Kila baada ya dakika chache muuguzi husikiliza kifua na kupima mapigo, na sindano hurudiwa mpaka kifua kikauke na moyo uende vizuri. Baada ya hapo haondoki, kwa kuwa sumu huweza kurudi, na atropini ikizidi mgonjwa huanza kuweweseka kama aliyekula mnanaha.

Funzo la Karamoja

Mwaka 2019, katika wilaya za Napak na Amudat huko Karamoja, Uganda, watu waliokula uji wa unga wa msaada walianza kuchanganyikiwa akili. Karibu watu 300 waliugua, na watano wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba unga ule ulikuwa na sumu za namna ya atropini na hayosini, zitokazo katika mbegu za mmea wa jamii ya mnanaha. Watu wale hawakukusudia kula mnanaha, bali mmea wa jamii hiyo huota katikati ya mazao, na mbegu zake huvunwa pamoja nayo.

Basi mkulima wa Mwabungo na aung'oe mnanaha shambani kabla haujazaa, na mwenye kupepeta nafaka azitazame mbegu ngeni. Dawa ya kunyunyizia isitiwe katika chupa ya soda wala kuwekwa jikoni. Na ikiwa watu kadhaa waliokula chungu kimoja wamekaukwa na vinywa, macho yao yamepanuka na maneno yao hayaeleweki, wapelekwe hospitali bila kungoja asubuhi, pamoja na kile chakula kilichobaki. Chakula hicho kitamwonyesha muuguzi na daktari sumu ni ipi, na mapema hiyo huweza kuokoa nyumba nzima.