Chakula Kinapokwama Kifuani

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nyalenda, Kisumu)



Hesabu za mwaka mmekwisha kuzisikia. Tulipokuwa tukiziandika tuliona jambo lililotutia haya. Fungu la mazishi ndilo kubwa kuliko yote: jeneza, gari la kupeleka maiti nyumbani, chakula cha matanga. Fungu la kumpeleka mgonjwa hospitali ni dogo mno. Wafu tumewasafirisha kwa heshima, lakini walio hai tumewaacha wajitafutie nauli. Kwa hiyo twaomba ruhusa tuseme juu ya ugonjwa mmoja ambao kuchelewa ndiko kunakoupa nguvu, nao ni saratani ya umio.

Mwaka uliopita tulimzika mwenzetu, fundi wa baiskeli. Kwanza alisema kwamba ugali unamkwama kifuani, akawa akishushia maji kila tonge. Kisha akaacha nyama. Mwishowe akawa mtu wa uji tu, na nguo zake zikampwaya. Sisi tuliokula naye tuliyaona hayo yote. Wengine wetu walisema ni sihoho, jicho baya lililomwangukia akila; wengine wakasema ni chira; wengine wakasema ni vidonda vya tumbo, wakamnunulia dawa dukani. Miezi ikapita. Alipofika hospitali, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea.

Umio ni mfereji wa nyama, urefu wake yapata sentimita 25 kwa mtu mzima, upitishao chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mfereji huu hutanuka. Kwa sababu hiyo uvimbe waweza kukua ndani yake muda mrefu bila mwenyewe kutambua, na siku chakula kianzapo kukwama, nafasi imekwisha kuwa nyembamba. Huanza kwa vyakula vikavu, kisha vilaini, kisha hata maji. Mgonjwa hukonda, pengine sauti hukauka au kikohozi humshika kila anywapo.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Mwaka 1969 wataalamu wawili, N. Ahmed na P. Cook, walichapisha katika jarida la British Journal of Cancer taarifa juu ya wingi wake magharibi mwa Kenya. Leo yajulikana kwamba Afrika ya Mashariki, kutoka Ethiopia hadi Malawi na kuendelea kusini, ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazosumbuliwa sana nao. Wala si wa wazee peke yao. Katika nchi yetu wamepatikana wagonjwa wasiotimiza miaka 30.

Hauambukizi kwa kula sahani moja na mgonjwa, basi asitengwe. Tumbaku na pombe huuleta, na chang'aa na busaa ni pombe kama nyingine. Tena mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba vinywaji vyenye moto uzidio nyuzi 65 yaelekea husababisha saratani hii. Wako kati yetu wanaojisifu kwa kunywa chai ingali ikifuka. Ndugu zetu, kungoja kikombe kipoe hakuna gharama.

Kipimo chake ni endoskopi. Daktari hupitisha kinywani mpira mwembamba wenye kamera, hulitazama umio, na akiona uvimbe hukata kinyama kidogo kipimwe. Ugonjwa ukionekana mapema, upo upasuaji, zipo dawa na miale. Ukiwa umechelewa, bado msaada upo: huwekwa stenti, yaani bomba la waya linalotanuka na kuufungua mfereji, ili mgonjwa apate kumeza tena. Hospitali ya Tenwek, huko Bomet, imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Stenti haiondoi saratani, bali mtu kula pamoja na wanawe katika siku zilizosalia si jambo dogo.

Basi twaleta mbele yenu maombi mawili. La kwanza, kila mwanachama ambaye chakula kinamkwama kwa muda wa majuma mawili amwarifu mmoja wa wanakamati, naye mwanakamati aitunze siri hiyo na kumsindikiza hospitali. Asiyeweza kusema, aliyeketi naye mezani amsemee. La pili, tangu mwaka ujao sehemu ya fedha za mazishi itengwe kwa nauli na kipimo cha kwanza.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Fundi wetu hakuficha. Alituambia mbele ya sahani ya ugali, nasi tukampa kikombe cha maji. Mkiyakubali maombi haya, atakayefuata tutampa nauli.