Mchezaji wa Akiba

Asubuhi ya leo twapenda kuwaeleza habari za Mmarekani mmoja, Frank Reich. Alicheza mpira wa kwao, ule wa kubebwa mikononi, unaofanana kidogo na raga.

Alipokuwa Chuo Kikuu cha Maryland aliumia bega, na mwenzake akashika nafasi yake. Alipopona, alikaa benchi. Tarehe 10 Novemba 1984 walipambana na Miami, na kufikia mapumziko walikuwa wameshindwa 31 kwa 0. Ndipo Reich akaingizwa. Mchezo ulikwisha Maryland 42, Miami 40.

Baadaye, katika timu ya Buffalo, akawa tena mtu wa akiba nyuma ya Jim Kelly. Tarehe 3 Januari 1993 Kelly alikuwa ameumia, Reich akaongoza. Houston wakatangulia 35 kwa 3, na watazamaji wengine wakashika njia ya nyumbani. Buffalo wakashinda 41 kwa 38! Hakuna timu ya ligi hiyo iliyotoka mbali zaidi ya hapo ikashinda, mpaka mwaka 2022.

Sisi hatusemi ni bahati. Mchezaji wa akiba hufanya mazoezi yale yale na wenzake, kwa ajili ya siku ambayo huenda isije kamwe. Hapo ndipo penye ugumu. Wengi wetu tusipopangiwa zamu ya kuhubiri, au tusipopewa kuongoza kwaya, hununa hata tukaacha kuja. Mathiya alifuatana na Bwana tangu ubatizo wa Yohana, bila kuhesabiwa kati ya wale kumi na wawili. Kura ilipomwangukia alikuwa tayari. Lakini Yusufu Barsaba naye alifuatana nao vivyo hivyo, na kura haikumwangukia.

Reich alipoacha kucheza alisomea theolojia, kisha akarudi mpirani kufundisha. Mwaka 2018 timu ya Indianapolis ilikuwa imekwisha kupatana na kocha mwingine. Huyo akabadili nia, ndipo Reich akaitwa. Walishindwa mara tano katika michezo sita ya kwanza, lakini wakamaliza msimu na ushindi mara 10. Mwaka 2022 akaachishwa kazi. Mwaka 2023 timu ya Carolina nayo ikamwachisha, hata msimu haujaisha.

Mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Stanford kilibaki bila kocha, kikamwomba ashike timu kwa msimu mmoja tu, mpaka apatikane mwingine. Akaenda.